Mdomo wa Luteni

Nianze na kujivuna, maana hata nikijizuia mtanikamata tu huko mbele. Baba yangu alikuwa ofisa wa jeshi la wanamaji. Luteni, mwenye kofia nyeupe na nanga juu ya paji la uso. Alikufa vitani, kwenye boti ya doria, ziwani, katika vita vile vya mwishoni mwa miaka ya sabini, mimi nikiwa ndiyo kwanza naachishwa kunyonya. Utotoni, Kigamboni, mtoto akinichokoza nilikuwa namwuliza swali moja tu: "Baba yako amelifia taifa?" Kwa kuwa baba yake alikuwa hai, amekaa barazani anasikiliza redio, hakuwa na jibu. Nilikuwa nashinda kila siku.

Tatizo langu lilikuwa uso. Baba yangu sikumjua kwa uso. Picha za harusi mchwa walizitafuna ndani ya sanduku mpaka zikabaki pembe. Kilichosalia ni picha moja ya pasipoti, nyeusi na nyeupe, iliyokuwa kwenye kitambulisho alichorudishiwa mama pamoja na nguo za marehemu. Na aliyegonga muhuri, Mungu amsamehe, hakuona pa kuugonga ila mdomoni. Duara la wino wa zambarau lilianzia chini ya pua likaishia kidevuni. Juu ya duara ilikuwapo kofia, na chini ya kofia macho mawili yaliyobinywa. Nilikuwa nayatazama macho yale nikisema, ndiyo haya, macho ya mwanamume aliyemkabili adui. Mama hakuwa akisema ndiyo wala siyo. Ukimwuliza habari za marehemu, alikuwa na jibu moja: "Baba yako alikuwa shujaa. Maliza chakula chako."

Nilipopata nafasi ya kuja Minnesota, Marekani, kusoma uuguzi, mama aliitia ile picha ndani ya jalada la pasi yangu ya kusafiria. "Nendeni wote," akasema. Akageuka kufunga begi.

Huku, kama Waafrika Mashariki wengi wa miaka ile ya tisini, nilijikimu kwa kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Mimi na mume wangu tulikaa Brooklyn Park, kwenye zile apatimenti ambazo ukipika pilau, jirani yako Mliberia anagonga mlango kuuliza kuna sherehe gani. Asubuhi nilikuwa naendesha kigari changu, kigari cha kuombewa dua kila barafu ikizidi, mpaka Roseville, kwa bibi mmoja wa Kizungu aliyekuwa akiishi peke yake. Alikuwa na ugonjwa wa kutetemeka. Nilimwogesha, nikampa vidonge vyake, nikampikia uji wao ule wa shayiri usio na iliki wala adabu.

Siku ya kwanza aliniambia nimwite kwa jina lake. Nikamwambia thubutu, wewe ni mkubwa kuliko mama yangu mzazi, nikikuita jina tupu mdomo utanipinda. Akauliza, basi utaniita nani? Nikasema, "Mama." Akafikiri kidogo, akasema hajawahi kuzaa. Nikamwambia kwetu hicho si kizuizi. Tangu siku ile akawa Mama, na nadhani alipenda, kwa sababu nilimsikia akijitaja hivyo kwenye simu.

Ukutani kwake kulikuwa na safu ya vitu vidogo vidogo vyenye fremu, vidogo hata nikadhani ni vifungo vya koti. Siku nilipokuwa nafuta vumbi nikasogeza uso, loo! Watu! Kila kimoja kilikuwa na mtu mzima ndani yake, ana nyusi, ana kope, ana mwanga kwenye mboni ya jicho. Vijana tu, wote na sare. Bibi akanieleza kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Wakati wa vile vita vikuu vya dunia, akiwa msichana, alikuwa akiwachorea watu picha za vijana wao waliokwenda baharini, juu ya vipande vyembamba vya pembe ya ndovu, ili mama au mke aivae kifuani. Wengi walikuja kuzichukua. Hawa wa ukutani ni wale ambao walioagiza picha zao hawakurudi kuzichukua, maana habari mbaya ilifika kabla rangi haijakauka, na wakashindwa kuja kutazama.

Mmoja wao alikuwa na kofia nyeupe yenye nanga. Nikasimama pale na kitambaa changu cha vumbi. Nikamwambia bibi, "Huyu ni mwenzake baba yangu."

Kesho yake nilimletea picha. Aliivutia chini ya kioo chake cha kukuzia, akakaa nayo mpaka uji ukapoa. Mwishowe akasema, "Macho haya hayana hasira."

"Ni macho ya askari, Mama," nikamjibu. "Hasira ipo, imetulia tu."

"Na mdomo?"

"Umefungwa. Ni ofisa."

Nikamfahamisha, maana Wazungu kwa kucheka kwenye picha hawajambo, hata kwenye leseni ya udereva wanataka kuonyesha magego. Nikamwambia kwetu mtu akienda studio anavaa, anapaka mafuta, anasimama wima kama anayesomewa hukumu. Picha si mahali pa kuchekacheka. Ukicheka wajukuu watakuona ulikuwa mtu ovyo. Sembuse shujaa! Yeye akanitazama tu, mkono wake ukitetemeka juu ya paja, akasema ana kipande kimoja kimebaki.

Kipande chenyewe kilitoka kwenye piano kuukuu ya mama yake, kile kijibamba cheupe kinachobonyezwa kwa kidole, upana wake hauzidi kijiko cha chai. Pembe ya ndovu halisi. Nikamwambia, "Kumbe tembo wetu alitangulia kufika huku kabla yangu, na wala hakuombwa viza." Alicheka mpaka nikalazimika kumshika asianguke kwenye kiti. Baadaye akaniambia, bila kucheka, kwamba hajashika brashi kwa miaka, kwamba daktari amemwonya mkono utazidi kukaza, na kwamba hii ikiharibika hakuna nyingine. Si kipande, si mkono.

Sasa ngoja niwaeleze alivyofanya kazi, maana mimi nimeona upasuaji wa moyo na bado hili ndilo linalonishangaza. Mkono ule uliokuwa ukitetemeka mapajani kama mkia wa mbuzi, ukishika brashi ulitulia. Si muda mrefu. Ilikuwa lazima kidonge cha asubuhi kiwe kimekolea, na kabla hakijaisha nguvu. Kati ya hapo ndipo kazi. Hapaki rangi kama wapakavyo ukuta. Anagusa. Nukta, nukta, nukta, ncha ya brashi ikiwa nyembamba kuliko unywele wa kope, na kila akigusa anazuia pumzi. Nami, na mimba yangu tumboni, nikajikuta nazuia pumzi mpaka naona kizunguzungu.

Tuligombana mara moja, na nilistahili kugomba. Alipomaliza kupaka uso kwa mara ya kwanza alinipa kioo nitazame. Yarabi! Alikuwa wa kijivu. Kijivu kama ugali wa dona uliolala. Nikamwambia, "Mama, huyu amekufa mara ya pili." Akasema hiyo ndiyo rangi ya kahawia. Nikamwambia hiyo ni rangi ya meza. Nikapandisha mkono wa sweta, nikauweka mkono wangu mezani, chini ya taa yake, nikasema, "Tazama hapa. Huyu ni binti yake. Usinichoree meza."

Basi akautazama. Siku nzima hakupaka kitu, alikaa na mkono wangu tu, akiugeuza taratibu kama mtu achaguaye kitambaa. Kesho yake akaanza kuchanganya, nikaona anachovya nyekundu, sawa, anachovya manjano, sawa, halafu anachovya bluu. "Bluu!" nikapiga kelele. "Mimi nina bluu wapi?" Akaninyooshea ncha ya brashi ndani ya kiwiko, akasema, hapa, na hapa, na ndiyo inayokupa mng'ao. Alisema alikuwa amechora watu weupe maisha yake yote na hakuna hata mmoja aliyempa kazi ya kufurahisha kama ile. Alifuta kijivu chote, akaanza upya. Na baba yangu akatokea. Mweusi, wa moto, mwenye damu mwilini, na kofia nyeupe juu yake ikazidi kuwa nyeupe. Nililia, sifichi.

Mdomo aliuchora nilivyotaka mimi. Umefungwa, umenyooka, mdomo wa kutoa amri. Nikaona sasa Luteni amekamilika. Nikamwambia bibi afunge kioo juu yake, atie kwenye kile kikasha cha fedha alichonitolea, nimpe mama atakapokuja kwa uzazi wangu. Bibi akakataa.

"Mdomo huu umetoka kwako," akasema. "Wewe hukuuona. Mimi sifungi kioo mpaka autazame mtu aliyewahi kuubusu."

Nilimwambia hayo ni maneno ya aibu mbele ya mtoto wa marehemu. Akasema aibu au si aibu, ndiyo kanuni yake, na wale wa ukutani wote hawana vioo kwa sababu hiyo hiyo. Nikatazama, kweli, fremu tupu, nyuso wazi.

Mama akaja wakati theluji imefika madirishani. Alishuka uwanjani amevaa makoti mawili ya kuazima na kanga juu yake, begini ana unga wa uji, pilipili manga, na mafuta ya nazi yaliyomwagikia viatu vyote. Mtoto akazaliwa, wa kiume, tukampa jina la babu yake. Na hapo mama akafunga mlango. Mzazi hatoki mpaka arobaini. Nilimwambia, mama, huku watu wanajifungua Jumatatu na Ijumaa wako dukani. "Ndiyo maana wamepauka," akasema, akanimwagia maji ya moto mgongoni.

Sikumwambia habari za picha, nilitaka iwe zawadi. Lakini bibi akawa anapiga simu. Mwanzo alipiga kuulizia mtoto. Halafu akapiga kusema amepewa mhudumu mwingine asiyejua uji. Halafu siku moja sauti yake ikawa chini, akasema kidonge hakikolei tena kama zamani, ile nafasi yake ya asubuhi imekuwa fupi, na kama mama yangu ana neno juu ya mdomo ule, aje alitamke upesi. Nikaweka simu chini. Nikamwambia mama ukweli wote. Nilidhani ataniruhusu kutoka. Mama akakaa kitandani, mtoto mapajani, akauliza, "Umemchoresha baba yako?" Nikasema ndiyo. "Na arobaini haijatimia," akasema. "Amengoja miaka yote hiyo. Atangoja arobaini."

Mtu akishaamua vile utafanya nini? Nilizunguka chumbani kama kuku aliyefungwa mguu. Kila simu ikilia nilidhani ni habari kwamba mkono umegoma. Arobaini ilipotimia, mama alimnyoa mtoto nywele, akamvalisha, akasema, "Haya. Twende kwa huyo Mzungu wako." Kwa kurudi nyumbani alikuwa amebakiza wiki moja tu.

Bibi alitupokea akiwa amevaa gauni zuri na hereni. Wazee wale wawili wakashikana mikono, wakatazamana, hakuna anayejua lugha ya mwenzake, wakaanza kuongea kwa pamoja. Nilikuwa na kazi ya kutafsiri ambayo hakuna aliyeingoja. Kisha mama akaketishwa mezani, akawekewa kioo cha kukuzia, na bibi akasogeza mbele yake kile kipande.

Nilisimama nyuma ya kiti chake nimejaa fahari. Nilitaka aseme. Nilikuwa nimeingoja siku ile kuliko siku ya harusi yangu.

Mama akainama, akatazama. Akasogeza kioo karibu, akakirudisha mbali.

"Huyu ni nani?" akauliza.

Haki ya Mungu, nilipiga kelele. "Mama! Ni baba!"

"Kofia ni yake. Ngozi ni yake, nimeikumbuka mpaka harufu. Macho ni yake." Akaweka kidole chini ya kipande, bila kukigusa. "Lakini huu mdomo ni wa mwalimu mkuu. Baba yako mdomo wake haukufungwa."

"Alikuwa askari, mama."

"Alikuwa askari mwenye mwanya, na mdomo ulikuwa wazi saa zote anacheka. Unadhani hapa ameyabinya macho kwa ajili ya nini? Jua? Hapa anacheka! Mpiga picha alimrudisha kitini mpaka akachoka, wakachukua hiyo hiyo. Walipogonga muhuri mdomoni tulisema bora, wamemstiri."

Bibi akaniuliza, anasema nini? Sikumtafsiria. Nilikuwa nimekasirika, wacha niseme. Nilikasirika kama mtu aliyeibiwa. Maisha yangu yote nimetembea na mwanamume mkali, leo naambiwa alikuwa mchekaji! Nikamwuliza mama kwa ukali, mbona hukuniambia?

Mama akampakata mtoto vizuri. Akasema, "Nikuambie vipi? Siku ya harusi, studio, mpiga picha anasema tulieni, yeye kicheko kinamtoka puani. Nikamfinya, nikamwambia, 'Funga mdomo, watu wanatutazama.' Akazidi. Jeshini walimkimbiza uwanjani na bunduki kichwani kwa kucheka kwenye gwaride. Nitawaambia watu hayo matangani? Mjane hachekicheki, mwanangu. Mjane akionekana meno, wanasema ameshapata mwingine. Na mimi siwezi kumhadithia yule mtu bila kucheka. Basi nikamfunga mdomo, nikakulea."

Halafu akanieleza neno ambalo sikuwahi kulisikia. Wenzake baba waliokuja kutoa pole walimwambia kwamba asubuhi ile, boti ilipokuwa inamkaribia adui, vijana wamekauka mate kwa hofu, Luteni aliwahadithia kisa cha kipumbavu cha mkwe wake na bata, na wote walikuwa wanacheka risasi ya kwanza ilipopigwa. Waliobaki walisema kicheko hicho ndicho kilichowaokoa, kwamba mikono yao haikutetemeka. Yeye alikuwa amesimama mbele yao.

Sikieni, mimi nilikuwa nimejivuna tangu utoto, lakini nilikuwa sijui ninajivunia nini. Mkali yeyote anaweza kumtazama adui kwa hasira. Nionyesheni anayeweza kuwachekesha watu wanaokwenda kufa.

Nikamgeukia bibi, nikamtafsiria yote. Hakusema, "Nilikuambia." Alisema tu, "Basi tuufungue."

Kwenye pembe rangi hainywewi kama kwenye karatasi, inakaa juu. Ukiilowesha kwa brashi yenye maji kidogo inakubali kutoka. Lakini maji yakizidi yanatambaa yenyewe, yanaondoka na shavu, na pua, na kazi ya miezi. Kila mtu mezani alijua. Bibi alimeza kidonge chake, tukakaa tukikingoja kama watu wangojao mchele uive. Mkono ulipotulia, akagusa. Mdomo wangu wa ofisa ukaondoka kwa nukta, mpaka baba yangu akabaki hana mdomo kabisa, kama chini ya ule muhuri.

"Sasa mwambie mama yako," bibi akasema, "meno ya mtu siwezi kuyachora kwa kuambiwa. Nataka kuona."

Nikatafsiri. Mama akasema, "Ataona nini? Mtu yuko kaburini." Kisha akanipa mtoto. Akarudisha kanga mabegani, akajikohoza, akaangalia upande kama mwari. "Alikuwa anaanza hivi," akasema.

Na akacheka kicheko cha baba yangu.

Kilianza na kikohozi, kama pikipiki inayokataa kuwaka. Kikakatika. Kikaanza tena. Halafu kikawaka, kinene, cha kiume, kutoka tumboni, kichwa nyuma, mkono unapiga paja, macho yamebinywa yaleyale! Mama yangu, ambaye miaka yote sikuwahi kumwona magego, alikaa kwenye kiti cha Mzungu huko Roseville akicheka kwa sauti ya mtu aliyekufa. Mtoto akashtuka, akamkodolea macho. Mimi nililia na kucheka sijui lipi lilitangulia. Nilikuwa namsikia baba yangu.

"Tena," bibi akasema, ameinama juu ya kioo.

Tulikwenda kila asubuhi iliyobaki. Bibi akigusa nukta mbili tatu, mkono ukianza kusumbua anauweka chini, anangoja, anasema "tena", na mama anacheka tena. Neno hilo la Kiswahili ndilo pekee alilojifunza, na alilitumia barabara. Kuna asubuhi kicheko kilimgeukia mama katikati kikawa kilio. Bibi aliweka brashi chini, akamshika mkono kwa ule mkono wake unaotetemeka, na mikono yote miwili ikatetemeka pamoja juu ya meza. Hakuna aliyeniomba kutafsiri. Kisha mama akajifuta kwa kanga, akasema, "Haya, tuendelee, safari yangu imekaribia."

Siku ya mwisho bibi aliweka mwanya. Ulikuwa nukta moja tu, nyeusi, kati ya meno mawili. Alishika brashi muda mrefu hewani kabla ya kuishusha, nami nikaona ncha inacheza, inacheza, nikasema moyoni imeshakwenda na maji. Akazuia pumzi. Ncha ikatulia. Akagusa, akaondoa. Akaiweka brashi ndani ya kikombe, akafunga kile kisanduku cha rangi, na tangu siku ile sikumwona akikifungua tena.

Kisha akakisukuma kipande kwa mama, na kioo cha kukuzia.

Mama akatazama. Hakuuliza huyu ni nani. Alitazama mpaka chai zetu zikapoa, kidole chake kikizunguka ukingo wa ile pembe. Bibi alikuwa ameshika kile kioo chembamba cha kufunikia, anangoja aambiwe. Nami nikangoja. Mama akainama zaidi, mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye lenzi, akafanya kama anamfinya Luteni shavuni kwa ncha ya ukucha, bila kumgusa, na akamnong'oneza.

"Funga mdomo," akasema. "Watu wanatutazama."